Wiki 12 ndani ya benki kubwa: tuliyojifunza kuhusu pesa iliyo kwenye simu yako



Wiki hii hatuanzi na menyu wala jedwali la ada. Tunaanza na sisi wenyewe. Wawili kati yetu kwenye timu hii tulifanya atachimenti kwenye tawi la benki moja kubwa katikati ya jiji la Nairobi, tukiwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Tulikaa wiki 12. Hatukuwa tunalipwa. Pesa ya nauli na chakula ilitumwa kutoka nyumbani kwa simu, na kila jioni tulijaza logibuku ambayo mwalimu wetu kutoka chuoni angekuja kuikagua.

Tulienda tukidhani tutajifunza kutangaza bidhaa za benki, maana ndiyo masomo tuliyokuwa tukisomea. Lakini mengi tuliyorudi nayo yalihusu jinsi pesa inavyolindwa, na mengi yake unaweza kuyafanya wewe mwenyewe na simu yako, bila kuvaa tai. Pia kuna siku moja tulimpotosha mteja bila kujua, na akapoteza pesa. Hiyo tutaieleza bila kuficha, maana ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Somo la 1: Mfanyakazi wa kweli haihitaji PIN yako

Siku ya kwanza hatukugusa kompyuta. Tulipeleka barua ya chuo, kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA na karatasi ya bima ya ajali. Halafu tukatia sahihi fomu ndefu ya kutunza siri. Madam aliyekuwa msimamizi wetu alitusomea sehemu moja mara mbili, kisha akatufafanulia kwa lugha yake: "Jina la mteja na salio lake havitoki nje ya ule mlango. Hata kwa mama yako."

Tulishangaa kidogo, kwa sababu tulifikiri ndani ya benki kila mtu anaona kila kitu. Kumbe sivyo. Kila mfanyakazi huingia kwenye mtambo kwa jina lake na neno lake la siri, na kila anachofungua kinaandikwa: nani, saa ngapi, akaunti ya nani. Sisi wanagenzi hatukupewa ruhusa ya kuingia kabisa. Tulikaa kando ya wenyewe, tukaangalia.

Na hapa ndipo tuliposikia jambo ambalo tungependa kila mteja alijue. PIN yako haionekani kwenye skrini ya mfanyakazi. Huhifadhiwa kwa njia ambayo hata yeye hawezi kuisoma. Ukiisahau, hakuna mtu wa kukukumbusha. Kinachowezekana ni kuifuta na wewe kuweka nyingine. Mfanyakazi akitaka kushughulikia akaunti yako, anatumia ruhusa yake mwenyewe.

Kwa hivyo mtu akikupigia na kusema, "Nitajie PIN nihakikishe akaunti ni yako," usijiulize kama ana sauti ya heshima au kama anajua jina lako lote. Jiulize tu: anaihitajia nini? Kwa kazi halali, haihitaji kwa lolote.

Somo la 2: Anayeandika si yeye anayeidhinisha

Wiki ya pili tuliwekwa nyuma ya makeshia. Mteja mmoja alikuja kuhamisha pesa nyingi kwa ajili ya ploti. Keshia alijaza kila kitu, akabonyeza, na pesa haikwenda. Ilisubiri. Afisa mwingine, meza ya pili, akafungua muamala uleule, akalinganisha jina, namba ya akaunti na sahihi, ndipo akaidhinisha.

Tulimuuliza madam kama ni kwa sababu keshia haaminiki. Alicheka. Alisema keshia huyo amefanya kazi miaka mingi na hajawahi kuiba hata shilingi. "Lakini macho ya mtu mmoja huona kile anachotarajia kuona. Ukiandika 7 mahali pa 1, utaisoma tena na bado utaona 1."

Nyumbani huna afisa wa meza ya pili, lakini unaweza kumtengeneza. Ukituma pesa nyingi, iwe karo, kodi ya nyumba au malipo ya fundi, mpe mtu aliye karibu akusomee namba kutoka pale ilipoandikwa, wewe ukiangalia ile uliyoingiza kwenye simu. Ukiwa peke yako, isome kwa sauti kutoka mwisho kuja mwanzo. Halafu kabla ya PIN, simama kwenye jina. Jina linalotokea pale huwekwa ili ulisome. Wengi wetu huwa tumeshabonyeza kabla macho hayajafika.

Somo la 3: Siku haiishi mpaka hesabu ilingane

Wateja hudhani milango ikifungwa saa kumi jioni wafanyakazi wameenda nyumbani. Wee! Hapo ndipo kazi nyingine huanza. Kila keshia huhesabu noti alizobaki nazo na kulinganisha na kile mtambo unasema. Kuna jioni moja keshia alipungukiwa Sh200. Mia mbili tu. Tulikuwa tayari kuchanga tutoe mfukoni ili twende tukapande matatu, lakini tuliambiwa hapana. Ukifunika Sh200 leo hutajua kesho ni nini kilichotokea.

Slipu zilipitiwa moja baada ya nyingine. Baada ya karibu saa nzima ikapatikana: mteja alikuwa ameweka Sh4,300 na ikaandikwa Sh4,500. Ikarekebishwa, ndipo tukaenda.

Sisi tulikuwa tunaishi na pesa ya simu na hatukuwa tunalinganisha chochote. Pesa ikiisha tulisema tu "imeisha". Wiki hiyo tukajaribu kufunga siku kama benki. Kila jioni kwenye matatu tulisoma meseji za miamala ya siku, tukaandika mambo manne kwenye karatasi: salio la asubuhi, kilichoingia, kilichotoka pamoja na ada, salio la jioni.

Tuligundua jambo la aibu. Tulikuwa tunatoa Sh200 kila siku kwa wakala, siku tano kwa wiki, tukiogopa kwamba tukitoa Sh1,000 Jumatatu tutaila yote. Lakini ada za kutoa pesa hupangwa kwa viwango, na kila unapotoa unakatwa upya. Tulikuwa tunalipa ada mara tano kwa pesa ambayo tungeitoa mara moja. Angalia jedwali la ada uone Sh200 yako iko kiwango gani na Sh1,000 iko kiwango gani, halafu piga hesabu ya mwezi. Ukiweza kulipa moja kwa moja kwa simu pale unaponunua, bila kutoa, fanya hesabu ya hiyo pia.

Somo la 4: Pesa ya simu hukaa wapi?

Kila Jumatatu asubuhi tuliona watu fulani kwenye foleni wakiwa na mikoba ya noti zilizofungwa kwa mpira. Walikuwa mawakala wa pesa za simu, wamekuja kubadilisha noti ziwe floti. Wakala akikosa floti hawezi kukuwekea pesa. Akikosa noti hawezi kukutolea. Ndiyo maana saa zingine unaambiwa "jaribu pale ng'ambo". Si kwamba hakutaki.

Mmoja wetu akauliza swali ambalo wateja wengi hutuuliza mpaka leo: pesa iliyo kwenye simu iko kwenye simu kweli? Haiko. Simu ni mlango tu. Kanuni za malipo za mwaka wa 2014, chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, zinataka kampuni inayotoa pesa za kielektroniki iweke pesa za wateja kwenye mfuko wa amana, mbali na pesa zake yenyewe za biashara. Benki Kuu ya Kenya ndiyo msimamizi. Kwa hivyo simu ikianguka kwenye maji, pesa haikuzama nayo. Unachohitaji ni kurudisha laini yako.

Na hiyo ndiyo sababu laini yenyewe ina thamani. Mtu akichukua laini yako kwa ujanja, amechukua mlango. Ukiona mtandao umepotea ghafla kwenye simu yako na waliokuzunguka wako nao, usingoje kesho. Azima simu upigie kampuni yako ya simu mara moja.

Somo la 5: Mzee aliyekuwa akisubiri simu

Sasa tufike pale tulipoahidi.

Ilikuwa wiki ya tisa, siku ya Alhamisi, mwisho wa mwezi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Sisi tulikuwa tumewekwa kwenye dawati la maelezo. Akaja mzee mmoja, wa umri wa baba yetu au zaidi, simu mkononi.

"Wanangu, hii benki ya simu imekataa. Tangu jana inaniambia nijaribu baadaye. Na Jumatatu nataka kulipia msichana wangu karo."

Tuliandika jina na namba yake kwenye daftari la malalamiko. Nyuma yake watu walikuwa wakinung'unika. Tukamwambia, kwa upole kabisa: "Usijali mzee. Nenda tu nyumbani, watu wa mitambo watakupigia."

Hatukumpa namba ya malalamiko. Hatukumwambia atapigiwa kutoka namba gani. Hatukumwambia ni mambo gani hawatamuuliza. Alitushukuru, akaenda.

Jumamosi asubuhi alipigiwa. Mtu akasema anatoka benki, anashughulikia shida ya akaunti yake kwenye simu. Mzee hakushuku. Alikuwa anaisubiri hiyo simu. Aliulizwa PIN, akasema. Akaambiwa kuna meseji itaingia yenye namba sita, asome. Akasoma. Muda mfupi baadaye Sh48,000 zilikuwa zimetoka.

Jumatatu alikuja akiwa na karatasi ya karo imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Hakupiga kelele. Alituangalia tu, akauliza: "Si mliniambia watanipigia?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo tukikumbuka sauti ile hatuna.

Madam alimchukua, akamkalisha, akaanza kufuata pesa. Zilikuwa zimeingia kwenye laini ya simu, zikagawanywa, na nyingi zilikuwa zimetolewa kwa mawakala. Benki ikawasiliana na kampuni ya simu, na Sh11,500 zilizokuwa zimebaki zikazuiwa. Hizo zilirudi kabla hatujamaliza atachimenti. Zile Sh36,500 hazikurudi. Mzee alituambia msichana ameenda shule na nusu ya karo, na yeye anaongea na mwalimu mkuu.

Tuliuliza kama namba yake ilivuja kutoka kwa daftari letu. Uchunguzi wa ndani haukuonyesha hivyo. Matapeli hupigia watu wengi kwa siku moja na maneno yaleyale: "akaunti yako ina shida". Wengi hukata simu. Lakini katika hao wengi, huwa kuna mmoja ambaye kweli ana shida na akaunti yake, na ameambiwa asubiri. Sisi ndio tuliomwambia asubiri.

Baada ya siku hiyo madam aliandika karatasi ndogo, ikabandikwa kwenye dawati la maelezo. Kila mteja mwenye lalamiko aliambiwa mambo matatu kabla ya kuondoka: namba ya lalamiko lake, namba atakayopiga yeye mwenyewe kuulizia, na kwamba hakuna atakayemuuliza PIN wala namba iliyokuja kwa meseji. Ilichukua nusu dakika kwa kila mtu. Hiyo nusu dakika ndiyo tuliyomnyima mzee.

Basi wewe, popote unapopeleka lalamiko, iwe benki, kampuni ya simu au hata kwetu, usikubali kuondoka na neno "tutakupigia" peke yake. Dai namba ya lalamiko. Uliza utapiga namba gani ukitaka kufuatilia. Halafu ukipigiwa, hata kama ulikuwa unangoja, sema: "Asante, nitapiga mimi." Kata. Piga namba uliyopewa au ile iliyo nyuma ya kadi yako. Anayetoka benki kweli hatakasirika. Tapeli ndiye atakayekuharakisha, atasema akaunti inafungwa sasa hivi, usikate.

Namba inayokuja kwa meseji nayo ni kama sahihi yako. Ukimsomea mtu, umemtilia sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma.

Somo la 6: Pesa ikishatoka, fanya haya kwa mpango huu

Tuliona kwa macho yetu kwamba dakika huleta tofauti. Zile Sh11,500 ziliokolewa kwa sababu hazikuwa zimetolewa bado. Kama mzee angejua la kufanya Jumamosi ileile, pengine zingeokolewa nyingi zaidi. Andika hatua hizi mahali:

Kwanza, pigia kampuni ya pesa zako za simu na benki yako, uombe akaunti izuiwe. Anza na ile ambako pesa imetoka. Usianze kwa kumpigia tapeli kubembeleza au kumtusi. Unampa muda wa kutoa.

Pili, usifute meseji yoyote. Namba ya muamala, saa na jina la aliyepokea ndivyo vitu watu wa benki huuliza kwanza. Ziandike kwenye karatasi pia.

Tatu, badilisha PIN zote. Wengi wetu hutumia moja kila mahali, na PIN ya mwaka wa kuzaliwa ni rahisi kubahatishwa.

Nne, nenda kituo cha polisi ukaandikishe, upewe namba ya OB. Bila hiyo, ufuatiliaji wa baadaye huwa mgumu.

Na kama ulituma kwa makosa bila kutapeliwa, utaratibu ni wa haraka vilevile: omba kampuni irejeshe muamala mara moja. Kwa upande mwingine, ukipata meseji kwamba umetumiwa pesa kwa makosa na mtu anakuomba umrudishie, usisome meseji, soma salio. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote. Na kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe kurejeshewa kupitia kampuni. Usimtumie wewe mwenyewe.

Kwa wewe mwanafunzi unayetafuta atachimenti

Tunajua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa na barua ya chuo mfukoni. Peleka maombi mapema, maana nafasi kwenye benki ni chache na muhula ukifika kila mtu anagonga mlango mmoja. Piga hesabu ya nauli na chakula kwa wiki zote 12 kabla ya kusema ndiyo. Wengi huacha katikati kwa sababu ya nauli tu, wala si kwa sababu ya kazi. Jihadhari na anayekuambia ulipe "ada ya usajili" kwa simu ili upate nafasi. Na ukifika, uliza maswali. Hakuna aliyetufukuza kwa kuuliza. Kosa letu kubwa lilitokea siku ambayo hatukuuliza tumwambie mteja nini.

Zoezi la wiki hii

Tenga dakika kumi leo jioni.

Soma meseji za miamala ya leo na uone kama salio la asubuhi, ukiongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka pamoja na ada, linafika kwenye salio la sasa. Likikosa kulingana, tafuta kwa nini, hata kama ni shilingi ishirini.

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, namba rasmi ya benki yako na ya kampuni ya pesa zako. Simu ikipotea utaihitaji.

Halafu piga simu kwa mtu mmoja, mzazi, shosho, jirani, yule ambaye unajua angeamini sauti ya heshima. Mwambie sentensi moja tu: mtu akikupigia akitaka PIN au namba ya meseji, kata, unipigie mimi kwanza. Mwambie hata sisi tukimpigia, hatutamuuliza.

Mzee wetu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayemwamini aliyemhudumia. Tungependa wateja wetu waendelee kutuamini, lakini PIN wabaki nayo wao.

Tukutane kwenye somo lijalo.